Kutafuta si Kutunza

Kutafuta na kutunza ni kazi mbili. Atafutaye hana kitu mkononi. Atunzaye anacho, anajua alikipata wapi, na anajua kwa nini alikiweka. Wahenga walilijua jambo hili vyema, wakasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika siku hizi za intaneti methali hiyo imesahauliwa na watu ambao haikuwapasa kuisahau: walimu, wanafunzi na waandishi. Wengi wao wamekata shauri kwamba hapana haja ya kuweka orodha ya kurasa walizozisoma, kwa sababu injini ya kutafutia, yaani Google na wenzake, itawaletea kila kitu wakati wowote watakapokitaka. Rai hii ni nyepesi kuitamka, ni tamu kuisikia, na ni ya hatari kuifuata.

Kila kivinjari cha wavuti kina mahali pa kuwekea anwani za kurasa ambazo msomaji angependa kuzirudia. Anwani hizo huitwa alamisho. Si jambo jipya. Kivinjari cha Mosaic, kilichotolewa mwaka 1993, kilikuwa na orodha ya namna hiyo tayari. Lakini zikikaguliwa kompyuta za wasomi wa leo, alamisho zao zitaonekana ziko katika hali mojawapo ya mbili: ama hazipo kabisa, ama zimerundikana kama taka za shehena iliyovunjika, hazina mpango, hazina maelezo, na mwenyewe hakumbuki ni lini aliziweka wala kwa kusudi gani. Akiulizwa, mwenye kompyuta hucheka na kujibu kwamba anapotaka kitu hukitafuta.

Haki inadai kwamba hoja ya watu hawa isikilizwe kwanza kabla ya kupingwa. Husema kwamba wavuti ni mkubwa mno hata hapana mkono wa mtu uwezao kuuorodhesha. Kwamba injini hujibu kwa muda mfupi kuliko muda wa kufungua daftari. Na kwamba anwani iliyoandikwa leo huenda ikawa imekufa kesho, kwa hiyo kuiandika ni kupoteza wino. Maneno haya yote yana ukweli ndani yake. Kosa lake ni kwamba yanajibu swali ambalo halikuulizwa. Hapana mtu mwenye akili anayesema kwamba msomaji aorodheshe wavuti mzima. Kinachosemwa ni kwamba kile alichokwisha kukisoma, akakipima, na kukiona kuwa kina thamani, hicho asikiache mikononi mwa mwingine.

Mfano wa karibu upo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki dunia karibu na mwaka 1840. Kwa nusu karne hivi mashairi yake yaliishi zaidi vinywani mwa watu. Kama wakati ule watu wote wangalisema kwamba atakaye shairi la Muyaka na aende akaulize mjini, mengi yangalikwenda kaburini pamoja na wazee walioyajua. Mwalimu Sikujua bin Abdallah hakusema hivyo. Aliyakusanya mashairi hayo, akayaandika, na akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyafahamu na kuyaeleza. Makaratasi hayo yalihifadhiwa, na W. Hichens akayatoa kwa kitabu cha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Kila mwanafunzi anayemsoma Muyaka leo anakula matunda ya mtu aliyekataa kutegemea kuuliza. Mwalimu Sikujua hakukusanya maneno yote ya Mombasa. Alikusanya yale aliyoyaona yanastahili. Hiyo ndiyo kazi ya orodha: si kujaza, bali kuchagua.

Sasa na itazamwe injini yenyewe, maana mtu hafai kumkabidhi mlinzi mali yake pasipo kumjua. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika makala yao ya mwaka huo huo, waliyoeleza jinsi mtambo wao ulivyofanya kazi, vijana hao walionya kwamba injini ya kutafutia inayolishwa na fedha za matangazo itaelekea kuwapendelea watangazaji na kuwaacha wasomaji. Onyo lilikuwa la haki. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, kampuni yao ilianza kuuza matangazo kandokando ya majibu, na matangazo ndiyo yaliyoitajirisha. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgema huyu alikuwa amekwisha kuandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi maji yatakavyotiwa.

Wala isidhaniwe kwamba watu wote waliichagua injini hiyo kwa kuilinganisha na nyingine. Mnamo Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google ilikuwa imevunja sheria ya Marekani kwa kuhodhi biashara ya kutafuta. Katika kesi hiyo ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa makampuni mengine ili injini yake iwe ndiyo ya kwanza kukutana na mtu anapofungua simu au kivinjari. Mlango ambao msomaji hudhani ameufungua kwa hiari yake ulikuwa umekwisha kununuliwa kabla hajafika. Tena tangu mwaka 2024 injini hiyo imeanza kuweka, juu ya orodha ya kurasa, muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Zamani msomaji alionyeshwa milango kumi na kuachiwa achague. Sasa anasimuliwa yaliyomo ndani, na wengi hawaingii tena nyumba yoyote.

Kwa msomaji wa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi. Lugha hii hubadilika mwanzoni mwa maneno yake, wakati lugha za Ulaya, ambazo mitambo hiyo ilibuniwa kwazo, hubadilika zaidi mwishoni. Mtoto ni mmoja na watoto ni wengi. Soma, asome, walisomeana na haijasomwa ni watoto wa mzizi mmoja. Mtambo usiojua sarufi hiyo huwaona kuwa wageni wasiofahamiana. Juu ya hayo, maneno mengi ya Kiswahili yana sura moja na maneno ya watu wengine. Anayetafuta neno dada aghalabu hupelekwa Zürich, kwa wasanii wa Ulaya waliojiita kwa jina hilo mwaka 1916. Anayetafuta macho huletewa habari za mabavu ya kiume. Anayetafuta hakuna matata hukuta simba wa katuni wa mwaka 1994 amekwisha kukaa kitini. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa Kiswahili, "Nenda katafute mtandaoni," na kunyamaza hapo, hajamfundisha, amemfukuza.

Iko na hatari nyingine, nayo ni kubwa kuliko hizo. Kurasa hufa. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba katika kurasa za wavuti zilizokuwako mwaka 2013, asilimia 38 hazikuweza kufikiwa tena miaka kumi baadaye. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2014 kwamba nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maneno yaliyokusudiwa. Ikiwa majaji wa taifa lenye mali nyingi wamepotewa na ushahidi wao hivyo, hali ya mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya mashairi yaliyochapwa katika ukurasa wa mtu binafsi itakuwaje?

Kwa Kiswahili kifo hicho si cha kubahatisha tu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwataka wenye kurasa binafsi za habari na maoni wajiandikishe na kulipa ada, ambayo jumla yake kwa mwaka wa kwanza ilizidi shilingi milioni 2. Waandishi kadhaa hawakuweza, au hawakutaka, wakazifunga kurasa zao. Mnamo Juni ya mwaka huo JamiiForums, baraza kubwa la mijadala ya Kiswahili, lilisimama kwa muda. Maandishi ya miaka mingi yaliyokuwa yakisomwa na maelfu yaliweza kutoweka kati ya asubuhi na jioni. Ubaya wa injini katika jambo hili ni kwamba haitoi habari ya msiba. Ukurasa ukifa, injini huuondoa katika majibu na kuweka mwingine mahali pake. Msomaji asiye na orodha hata hajui kwamba amefiwa. Mwenye orodha anaona jina, anaona tarehe, anabisha hodi, haitikiwi; hapo anajua kilichopotea, na anayejua kilichopotea anaweza kukiulizia.

Wapenzi wa injini husema kwamba orodha ni ushamba wa zamani, na injini ni maendeleo yaliyokuja kuuondoa. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1945 mwanasayansi wa Marekani, Vannevar Bush, alieleza katika jarida la The Atlantic mashine aliyoiita memex. Mashine hiyo, ambayo haikuundwa kamwe, ingehifadhi vitabu na barua za mtu, na kumwezesha kuunganisha waraka mmoja na mwingine kwa njia zake mwenyewe, kisha kumpa rafiki yake njia hizo azifuate. Bush hakuota mtambo wa kumfikiria mtu. Aliota daftari pana la mtu anayefikiri. Yahoo nayo ilianza mwaka 1994 kuwa orodha ya tovuti iliyopangwa na wanafunzi wawili, Jerry Yang na David Filo. Na hata ile werevu iliyoipa Google sifa ilikuwa nini? Ilikuwa ni kuhesabu viungo: ukurasa uliotajwa na kurasa nyingi, hasa kurasa zenye heshima, uliwekwa mbele. Basi nani aliyeviweka viungo hivyo? Ni watu waliosoma, wakapendezwa, na kuwaandikia wenzao orodha za mambo mema. Injini ilivuna shamba lililolimwa na waorodheshaji. Leo mvunaji anasifiwa kwa ngoma, na mkulima anaambiwa kwamba jembe lake limepitwa na wakati. Jamii ya wasomaji wanaoacha kuorodhesha na kuunganisha inakausha kisima ambacho mtambo wenyewe huchota.

Walakini kuitetea orodha si kutetea kila orodha. Mtu aliyeweka alamisho elfu tatu asizozisoma hana hazina; ana jalala lenye kufuli. Kubonyeza alama ya kuhifadhi badala ya kusoma ni kujidanganya, kama mtu anayenunua vitabu na kudhani kwamba amenunua elimu. Vile vile orodha iliyowekwa nyumbani kwa tajiri mmoja haina usalama. Delicious, huduma iliyoanza mwaka 2003, iliwafundisha watu wengi duniani kuhifadhi alamisho zao mtandaoni, kuzitia lebo na kuzionyeshana. Iliuzwa kwa Yahoo mwaka 2005, ikauzwa tena na tena, na mwaka 2017 mlango wake ukafungwa kwa alamisho mpya. Saraka ya Yahoo yenyewe ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014. DMOZ, orodha kubwa iliyotungwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1998, ilikoma mwaka 2017. Pocket, iliyokuwa ikiwahifadhia watu makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025. Somo la misiba hii si kwamba orodha hazifai. Ni kwamba daftari la mtu halilazwi dukani kwa jirani.

Orodha yenye kufaa ni ipi basi? Kwanza, ni ile inayokaa mikononi mwa mwenyewe, katika faili la maandishi matupu ambalo kompyuta yoyote inaweza kulifungua. Vivinjari vikubwa vinaweza kutoa alamisho zote za mtu katika faili moja, na faili hilo likanakiliwa mahali pawili au patatu. Pili, kila anwani iandikwe pamoja na jina la mwandishi, jina la makala, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kusomwa. Tatu, nalo ndilo jambo kubwa kuliko yote, ifuatiwe na sentensi moja inayosema kwa nini imewekwa. Sentensi hiyo ni kipimo. Asiyeweza kuiandika hakusoma, au alisoma asielewe, au ukurasa haukustahili. Na katika hali zote tatu afadhali asiuweke.

Nne, mafungu yawe machache. Mwenye mafungu sitini hutumia siku nzima kujiuliza makala juu ya lahaja ya Kimvita katika ushairi iwekwe chini ya lahaja, au ushairi, au Mombasa. Mafungu saba au manane yanamtosha mtu mmoja, na lebo chache hufanya kazi iliyobaki, kwa sababu makala moja inaweza kuvaa lebo tatu bila ya kugombaniwa. Tano, nakala ya ukurasa wenyewe ihifadhiwe. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, hupokea anwani kutoka kwa mtu yeyote na kuuweka ukurasa katika hifadhi yake. Lakini hifadhi hiyo nayo ilishambuliwa na wahalifu Oktoba 2024, ikazimika kwa siku kadhaa. Na mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2023, maktaba ya taifa ya Uingereza ilipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo, na hati zake za kidijitali zikakosekana kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakala moja iwe huko na nyingine iwe nyumbani. Sita, orodha ipaliliwe. Saa moja kwa mwezi inatosha kuondoa kilichochakaa na kutia alama kilichokufa.

Kazi hii ni ndogo kwa mtu mmoja, na ni kubwa kwa wengi wakiifanya pamoja. J. W. T. Allen alipotoa mwaka 1970 katalogi ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwapa wasomi waliokuja baadaye ufunguo ambao wangalihitaji miaka mingi kuuchonga wenyewe. Kurasa za Kiswahili katika wavuti zinangoja katalogi ya namna hiyo. Vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili, kutoka Dar es Salaam na Zanzibar hadi Nairobi, na hata vile vya Ulaya na Marekani, vina walimu wanaojua ni kamusi gani ya mtandaoni inayoaminika, ni mkusanyo gani wa mashairi uliohaririwa kwa uangalifu, na ni ukurasa gani uliojaa makosa. Ujuzi huu umelala katika vichwa vyao, na siku watakapostaafu utaondoka nao. Kila idara ingeweza kutoa orodha yake, fupi, yenye maelezo na tarehe, na kuipitia kila mwaka. Wanafunzi wa shahada ya uzamili wangeweza kutakiwa kuambatisha tasnifu zao na nakala za kurasa walizozinukuu. Hakuna katika haya linalohitaji fedha za wafadhili, wala mtambo mpya, wala ruhusa ya mtu. Linalohitajiwa ni nidhamu, na nidhamu ndiyo inayokwepwa kwa jina la maendeleo.

Injini haistahili kuchukiwa. Ni mtumishi mwepesi wa miguu, na anayetafuta kitu asichowahi kukiona ana haki ya kumtuma. Lakini mtumishi hutumwa sokoni; hakabidhiwi ghala, wala haachiwi kuamua nini kiliwe nyumbani. Anayetafuta upya kila siku jambo alilolijua jana hana elimu inayokua. Ana kiu inayorudi. Naye aliyeandika alichokisoma, akasema kwa nini kina thamani, akaweka nakala yake na kumwonyesha mwenziwe, ameongeza ukurasa mmoja katika akiba ya lugha yake. Waliotangulia walifanya hivyo kwa kalamu ya unyasi na karatasi iliyoliwa na mchwa, na kazi yao ingali inasomwa. Waliopo wana vyombo vilivyo bora mara nyingi kuliko hivyo, na udhuru wao ni mdogo kwa kadiri hiyo hiyo.